Mama Ratiba na Lugha Nne

Jumatatu ya wiki ya tatu ya muhula, madarasa mawili yalikutana mlangoni mwa maabara. Kila darasa lilikuja na mwalimu wake, na kila mwalimu alikuwa na hakika kwamba kipindi ni chake. Watoto themanini na wanne walijazana barazani wakisukumana na kucheka. Mwalimu wa kemia alisema ratiba inampa maabara kipindi cha tatu. Mwalimu wa baiolojia akasema na yeye ratiba inampa hicho hicho. Wakaenda kuitazama pale ilipobandikwa ukutani, na kumbe wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Aliyeitunga ratiba hiyo alikuwa darasani, anafundisha jiografia, na alizisikia zile kelele bila kujua kwamba zinamhusu. Jina lake halisi wenzake walikuwa wamelisahau nusu. Kwa miaka kumi na minne walimwita Mama Ratiba, kwa sababu kila likizo, wengine wakienda kupumzika, yeye alibaki sebuleni kwake na ubao mpana, pini, na vikaratasi vya manila, rangi moja kwa kila mwalimu. Rangi zilipomwishia, maana walimu walikuwa ishirini na sita, aliongeza michirizi ya kalamu. Madarasa kumi na mawili, vipindi tisa kwa siku, siku tano. Mwalimu mmoja akihamishwa tu, nusu ya ubao inabomoka.

Wakati wa chai, mkuu wa shule alisema mbele ya wote, tena bila kupandisha sauti:

"Mama Ratiba, leo umetuandalia mkutano wa hadhara pale maabara."

Walimu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka nao, maana angefanyaje, kisha akarudi darasani kabla kengele haijalia.

Hakuna aliyeuliza mgongano ule ulitoka wapi. Ulitoka kwenye uhamisho. Mwalimu wa kemia wa zamani aliondoka wiki ya pili, akaja mpya ambaye siku mbili za juma alikuwa na shule nyingine, na Mama Ratiba akalazimika kuhamisha vikaratasi arobaini kwa siku mbili, huku madaftari ya madarasa manne yakimngoja mezani. Vikaratasi viwili vyenye alama ya maabara vilisimama safu moja, kimoja juu kabisa ya ubao na kingine chini kabisa, na macho yake hayakuviunganisha. Ndiyo hivyo tu. Macho yalichoka.

Jioni alifika nyumbani miguu imevimba hadi viatu vimeacha alama. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa amekaa kibarazani na mashine ya jokofu la mtu mapajani. Watoto wao walikwishaondoka, kila mmoja na maisha yake, nyumba imebaki ya watu wawili na majokofu mabovu. Alipomwona mkewe anavyojishusha kitini, alinyanyuka bila kuuliza akamletea beseni la maji ya uvuguvugu.

"Wamekusema?" aliuliza.

"Wamenicheka. Afadhali wangenisema."

Akamsimulia yote. Fundi alisikiliza, akapangusa mikono, kisha akasema, "Mambo kama hayo si siku hizi kompyuta inafanya?"

"Ifanye basi. Nani kaizuia?"

"Iandikie programu."

"Mimi? Miaka arobaini na tisa hii? Kompyuta yenyewe naijua kwa kuchapia mitihani."

"Na mimi jokofu la kwanza nilifungua sijui hata gesi inakaa upande gani," alisema mumewe, akarudi kwenye mashine yake.

Neno lile lilimganda, na siku ya pili yake alijikuta anampigia simu mpwa wake, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuoni akisomea kompyuta.

"Nataka kujifunza kuandika programu," alimwambia. "Naanzia wapi?"

Mpwa alifurahi hadi sauti ikapasuka. "Shangazi! Python. Usihangaike na nyingine yoyote. Anza na Python."

"Kwa nini?"

"Ndiyo rahisi. Kila mtu anaanzia hapo."

Mama Ratiba alikuwa mwalimu wa siku nyingi, na jibu la "kila mtu" halikuwahi kumtosha hata likitoka kwa mwanafunzi wake bora. Kwa hiyo kesho yake alimfuata mwalimu wa kompyuta pale shuleni, kijana mpole mwenye miwani, akamuuliza swali lile lile. Kijana alitikisa kichwa kama daktari aliyeletewa dawa ya mtu mwingine.

"Python itakudekeza, Mwalimu. Anza na C. Ukiiweza C, umeijua kompyuta yenyewe, hizo nyingine zote utazisoma kama gazeti."

Jumapili alikuja mkwe wake, mume wa binti yake mkubwa, anayefanya kazi kwenye mifumo ya kompyuta ya kampuni moja kubwa. Alipousikia mjadala, aliweka kikombe chini. "Mama, kwa heshima zote, hao wanakupotosha. Ofisi zote kubwa zinatumia Java. Jifunze kitu chenye kazi."

"Kazi ninayo, baba. Hiyo ndiyo inayoniua."

Mkwe akacheka, lakini hakubadili neno.

Halafu zikaja video za mtandaoni. Huko alikuta kijana mmoja akisema kwa kujiamini kwamba JavaScript ndiyo yenyewe, haihitaji hata kuweka kitu kwenye kompyuta, na chini yake watu mia wanamtukana, na chini ya hao watu wengine mia wanawatukana wale wanaomtukana. Mama Ratiba alisoma matusi yale yote, jioni tatu mfululizo, akidhani mwishoni atakuta jibu. Hakuambulia kitu zaidi ya maumivu ya kichwa.

Sasa, mtu aliyezoea kupanga vitu hawezi kukaa na mambo yamekaa shaghalabaghala. Alichukua daftari jipya, akapiga mistari kwa rula, akachora jedwali. Kushoto lugha nne, juu maswali: ipi rahisi, ipi ina vitabu, ipi inafaa kwa orodha, nani ataniuliza, nani nitamuuliza. Akawa anajaza mraba mmoja mmoja kila akipata nafasi. Mpwa akimwambia jambo, anaandika. Mwalimu wa kompyuta akilipinga, anafuta. Daftari lilichafuka kwa vifutio hadi karatasi ikatoboka kwenye mraba wa Java.

"Wiki ya tano hii," mumewe alimwambia siku moja, "unachagua sufuria. Kupika lini?"

Lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli. Wiki tano, na hajaandika hata mstari mmoja.

Akaanza na C, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa karibu. Baada ya vipindi, miguu ikimwaka moto, alikaa kwenye chumba cha kompyuta mbele ya mashine inayonguruma, na yule kijana akamfundisha kwa moyo wote. Shida haikuwa mwalimu. Shida ilikuwa kwamba saa hiyo ya siku kichwa chake kilikuwa kimebaki na nafasi ndogo sana. Akisahau alama ya nukta-mkato mstari wa sita, kompyuta inalalamikia mstari wa saba. Anautazama mstari wa saba, mzima kabisa, hauna kasoro. Wiki mbili zikapita, akawa anaweza kuifanya kompyuta iandike jina la shule.

"Unaendelea vizuri, Mwalimu," kijana alimwambia.

"Usinivishe kilemba cha ukoka, mwanangu," alimjibu. "Mwanafunzi anayeendelea vizuri ninamjua anavyofanana."

Akahamia Java. Mkwe alikuja Jumapili na laptopu ya zamani ya ofisini kwao, akamwekea kila kitu, akamwonyesha kwa saa mbili, yeye anaitikia "ndiyo", "ehe", "nimeelewa". Mkwe alipoondoka tu, alikaa mbele ya kioo akagundua hajui hata pa kubofya. Mistari ya mwanzo aliambiwa aiandike tu, ataielewa mbele ya safari. Yeye huko mbele hakuona dalili ya kufika. Katikati ya juma akaiacha, akajaribu JavaScript peke yake kwa kufuata video. Ile ilimkubalia haraka, akafurahi siku mbili. Siku ya tatu kitu kikakataa kufanya kazi, na hakikusema kwa nini.

Alhamisi moja, baada ya kipindi cha mwisho, alibaki darasani peke yake, akalaza paji la uso juu ya meza. Hakulia. Uchovu wake ulikuwa umepita hapo pa kulia. Alikuwa anahesabu tu: muhula umevuka nusu, likizo inakuja, ubao unamngoja sebuleni, na yeye ameonja lugha tatu, hakuna hata moja aliyoimeza. Alijiona mjinga, na kilichomkera zaidi ni kwamba kila aliyemshauri alikuwa anamtakia mema.

Mlinzi wa shule alipita na funguo. "Mwalimu, unaumwa?"

"Hapana. Nasahihisha," alisema, ingawa mezani hapakuwa na daftari lolote. Mlinzi alitazama meza tupu, akamtazama yeye, akaenda zake kufunga madirisha ya upande wa pili kwanza.

Njiani kwenda nyumbani ndipo wazo lilipomjia, na lilitoka kwenye kazi yake mwenyewe, halikutoka kwa mshauri yeyote. Alimkumbuka msichana mmoja wa darasa la jioni ambaye hakuwahi kuelewa ramani kwa mwalimu aliyetangulia, akaelewa kwake. Yule mwalimu wa kwanza alijua jiografia kuliko yeye. Tofauti ilikuwa kwenye kusahihisha. Mmoja alikuwa anaweka alama ya kosa na kupita. Yeye alikuwa anaandika pembeni: umepotelea hapa. Akajisemea, mimi nitakosea kila siku, na nitakosea nikiwa nimechoka. Basi nitafute lugha inayojua kusahihisha mtu aliyechoka.

Jumamosi asubuhi alifungua laptopu mezani, mumewe akiwa anagonga bati nje. Alimwomba mpwa wake kwa simu amwelekeze kuiweka na Python, ili zote nne ziwepo. Kisha akafanya mtihani wake. Katika kila lugha aliandika orodha ya vipindi tisa, akinakili mfano neno kwa neno, halafu kwa makusudi akaomba apewe kipindi cha kumi, ambacho hakijawahi kuwepo tangu shule ijengwe.

C ilimpa jibu bila wasiwasi: namba ndefu ya ajabu, imetoka kusikojulikana. JavaScript ilisema kwa upole kwamba hicho hakijafafanuliwa, ikanyamaza, ikaendelea na mambo yake. Java ilikasirika, ikasema kweli, lakini kufika hapo alikuwa ameandika mistari mingi asiyoielewa. Python ilisimama. Ikamwambia mstari wa tatu, orodha haifiki huko.

Akaandika kosa jingine, la herufi safari hii, lile ambalo vidole vyake vilikuwa vinalifanya kila jioni: badala ya "kipindi" aliandika "kipndi". Python ikasimama tena, ikamjibu kwa Kiingereza chake kifupi kwamba jina hilo hailijui, na mwisho ikamuuliza: ulimaanisha "kipindi"?

Mama Ratiba alikaa akiutazama mstari ule. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amuulize alichomaanisha.

"Nimechagua," alimwambia mumewe dirishani.

"Ipi?"

"Ile ya kwanza niliyoambiwa."

Fundi aliacha kugonga, akafikiri kidogo, akaonekana anatafuta neno la busara. Akaamua kuendelea kugonga.

Mpwa alipopigiwa, alipiga kelele, "Si nilikwambia!"

"Uliniambia ipi," alijibu shangazi yake. "Hukuniambia kwa nini. Sasa hiyo kwa nini ninayo mwenyewe, usinisumbue."

Mwalimu wa kompyuta alipokea habari kiungwana, ila hakuacha kusema kwamba siku moja atarudi kwenye C. Mkwe alisema "sawa, Mama" kwa sauti ya mtu anayekubali kwa sababu ya heshima. Yeye hakubishana na mtu. Alikuwa hana nguvu za kubishana, na aligundua kwamba kukosa nguvu za kubishana kunaokoa muda mwingi.

Wiki saba zilizofuata alijifunza nusu saa kila siku, alfajiri kabla ya kwenda shule, kichwa kikiwa bado chake. Jioni hakugusa kitu. Zipo siku aliambulia mistari miwili, zipo siku aliharibu ya jana. Hakujaribu kuifanya kompyuta itunge ratiba; mpwa wake alimweleza kwamba hilo ni gumu hata kwa waliobobea. Alichotaka kilikuwa kidogo: yeye atatunga kwa vikaratasi vyake kama kawaida, na programu imwambie wapi mwalimu mmoja amewekwa, au chumba kimoja kimewekewa, madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Likizo ilipofika, alipanga ubao siku nane. Halafu ukaja uchapaji. Kila kikaratasi kilikuwa mstari mmoja: mwalimu, darasa, siku, kipindi, chumba. Mumewe alivaa miwani, akasimama mbele ya ubao na rula, akawa anamsomea kama kasisi, walimu akiwataja kwa masomo yao.

"Hisabati mwanamume, Kidato cha Pili B, Jumatatu, cha nne, chumba cha saba."

"Taratibu."

"Hisabati mwanamke, Pili C, Jumatatu, cha nne. Hivi huyu mwanamke si ndiye aliyeleta jokofu likafa mikononi mwangu?"

"Chumba gani?"

"Cha nane. Hakunisamehe hadi leo."

Iliwachukua mchana wa Jumamosi na Jumapili nzima. Mwisho wake fundi alikuwa amekaukiwa sauti na yeye viganja vimemkakamaa. Akabonyeza. Kompyuta ikajifikiria kitambo kifupi, ikaandika idadi ya migongano: mia tano arobaini na sita.

Mumewe alisoma juu ya bega lake. "Basi tena," alisema. "Watoto wote watakuwa maabara."

Mama Ratiba aliegemea kiti, akafumba macho, na hapo gizani ile namba ikabaki inaelea. Mia tano arobaini na sita. Mia tano arobaini aliijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Madarasa kumi na mawili, mara tisa, mara tano. Ni mistari yote ya ratiba. Kwa nini kila mstari uwe na kosa?

Akafumbua macho.

"Kila mstari unagongana na wenyewe," alisema taratibu. "Nimeiambia ilinganishe kila mmoja na wote. Na wenyewe umo humo humo."

"Kwa hiyo si makosa?"

"Ni kosa langu moja, limerudiwa mara mia tano arobaini."

"Na hiyo sita?"

Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza. Aliongeza sharti moja dogo, kwamba mstari usijilinganishe wenyewe, na sharti hilo alilikosea mara tatu, na mara zote tatu aliambiwa alipokosea. Alipobonyeza mara ya nne ilibaki migongano sita. Akaisoma. Ilikuwa mitatu, kila mmoja umetajwa mara mbili, kwenda na kurudi: mwalimu wa historia madarasa mawili Jumatano, yule hisabati mwanamke madarasa mawili Ijumaa, na maabara, Alhamisi cha pili, madarasa mawili.

Alinyanyuka akaenda kwenye ubao. Kikaratasi kimoja juu kabisa, kingine chini kabisa. Angeweza kuapa kwamba alikwishaukagua ubao ule mara kumi.

Mumewe alikuwa anamtazama yeye, si ubao. "Vipi, unalia?"

"Vumbi la manila," alisema. Akachomoa pini.

Shule ilipofunguliwa, muhula ulianza bila kelele, na kwa kuwa hapakuwa na kelele hakuna aliyegundua chochote. Mama Ratiba alingoja wiki nzima, kisha akaenda kumwonyesha mkuu wa shule. Mkuu alivuta kiti karibu, akatazama, akasema, "Vizuri sana. Kwa hiyo sasa inatunga ratiba yenyewe?"

"Hapana. Inakagua tu."

"Ah." Alifikiri. "Na zamu za kusimamia mitihani, itakagua? Maana nazo huwa zinatuvuruga. Naona sasa hizo pia ukae nazo wewe."

Alitoka ofisini akiwa na kazi moja zaidi ya aliyoingia nayo. Mwalimu wa kompyuta alimkuta amesimama uwanjani na faili kifuani, akamuuliza kulikoni. Alipoambiwa alicheka hadi akavua miwani, na Mama Ratiba, baada ya kumkazia macho kidogo, akajikuta anacheka naye.

Wiki ya tano mwalimu wa historia alipata uhamisho. Barua ilikuja saa nne asubuhi, na ile hofu ya zamani ikamshika. Alibadilisha vikaratasi, akabadilisha mistari, akabonyeza. Migongano kumi na mmoja. Akahamisha, akabonyeza, saba. Akahamisha tena, akarudisha, akahamisha kwingine. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia ilikuwa imebaki sifuri, na ratiba mpya ilikuwa tayari kubandikwa. Muhula uliopita kazi hiyo ingemlia siku tatu, na bado asingekuwa na hakika.

Alitembea nyumbani polepole. Miguu ilikuwa imevimba vile vile, maana programu haikagui miguu. Fundi alikuwa kibarazani na jokofu lingine.

"Leo vipi?" aliuliza.

"Nimechoka."

"Kama jana?"

Alivua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi akilifikiria swali, kwa kuwa alitaka kulijibu sawasawa.

"Pungufu kidogo," alisema.